Kioo cha Ngamia

Eveline alikwenda Tanga kwa semina ya akina mama wa usharika, akarudi na ngamia kichwani. Huko ufukweni aliwaona watalii wakipandishwa ngamia, wakizungushwa mchangani, wakipigwa picha, kisha wakishuka wamekenua meno yote. Yeye alikuwa na nyumba ya wageni kando ya njia ya Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa, ambapo watalii hulala usiku mmoja kabla ya kwenda hifadhini kutazama simba na tembo. Usiku mmoja tu, asubuhi hao wameondoka. Akaona wakipata mnyama wa kupanda palepale nyumbani, watakaa hata siku ya pili. Hakumwuliza mtu. Mwezi wa sita, baridi ya Iringa ikiwa imekaza na manyunyu yakidondoka tangu alfajiri, lori la dereva Rabson likaingia uani na ngamia jike mmoja, miguu imefungwa kamba, analia kama mlango usiotiwa mafuta.

Mmoja. Hilo halikumshangaza mtu siku ile. Hata Malimi halikumshangaza, na yeye ndiye aliyepaswa kushangaa kabla ya wengine wote.

Malimi alikuwa mlinzi wa pale. Eveline alimkabidhi ngamia kwa sababu alikuwa Msukuma, na kwa Eveline Msukuma ni mtu wa mifugo, na mifugo ni mifugo. Hakukosea sana. Malimi alitoka Shinyanga angali mtoto, akitembea nyuma ya ng'ombe wa baba yake hadi tambarare za Usangu. Akakulia Igawa, akamwoa Mbuke, akapata zizi lake mwenyewe, na ng'ombe wakijaa barabarani madereva wa malori ya Tunduma walizima injini wakangoja, wapende wasipende. Kisha Mbuke akafa. Kisha ukaja ukame, ng'ombe wakaanguka mmoja mmoja, na wachache waliobaki mwanawe Nashoni akawaswaga kwenda Lindi kutafuta majani. "Twende, baba," Nashoni alimwambia. Malimi akakataa. Alisema hawezi kuliacha kaburi la Mbuke.

Lakini mwenye zizi tupu Igawa hana la kufanya zaidi ya kukaa kando ya lami akihesabiwa na wapita njia. Akavumilia, akashindwa, akapanda basi kwenda Iringa kutafuta kazi. Kaburi akaliacha vilevile, na ng'ombe hakuwa nao. Alikosa huku, akakosa na huku, na hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Pale kwa Eveline hakuonewa wala hakunyimwa kitu. Chakula alipewa, chumba alipewa, koti la mvua alipewa. Veneranda mpishi alimtania kila asubuhi, lakini jioni Veneranda alivua aproni akaenda kwake. Watalii walimpungia mkono kwa furaha na kumwambia jambo, naye akawajibu karibuni, yakaisha hapo. Mwaka mzima hakuwa amezungumza Kisukuma na mtu uso kwa uso. Wakati mwingine alijikuta anaisema lugha yake kwa sauti ya chini ili tu asikie kama bado ipo.

Basi aliposhushiwa ngamia, alimpokea kama mtu aliyepelekewa ndugu. Eveline alikuwa tayari amempa mnyama jina la Malkia, la kuwapendeza watalii. Malimi akamwita Mgeni. Asubuhi alifungua zizi na kumsalimu, "Mwangaluka," na kumweleza jana ilivyokwenda, hata kama jana haikuwa imekwenda popote. Alimkatia matawi ya miiba huko mabondeni, akamletea chumvi, akamchana manyoya. Ngamia akamzoea. Jioni alikuwa anashusha ile shingo yake ndefu, anaweka kidevu begani kwa Malimi na kutulia hivyo, akipumua. Hakuna mtu aliyekuwa amemgusa Malimi kwa muda mrefu. Alisimama bila kujitikisa hadi bega lilipokufa ganzi, na hakutaka hali ile iishe.

Veneranda aliwaona. "Mzee, umeoa?" aliuliza kutoka mlango wa jikoni.

"Nimeolewa," Malimi akajibu. "Mahari alikuja nayo yeye mgongoni."

Haikuchukua muda, Mgeni akaanza kudhoofika. Matawi aliyanusa akayaacha. Alilala chini mchana kutwa, na watalii walipoletwa wampande alikataa kuinuka. Jua likianza kushuka alisimama peke yake kwenye kona ya zizi, akageukia huko alikotoka, akalia. Kilikuwa kilio kirefu cha tumboni, na wageni walioketi kwenye chai walishusha vikombe. Eveline akavumilia wiki ya kwanza. Ya pili akaja zizini na kanga yake mabegani.

"Mzee Malimi, nitasema ukweli. Akiendelea hivi namwita mchinjaji mapema, kabla hajafa. Ngamia mzima nitamzika wapi mimi?"

"Mama, nipe muda. Nitamponya."

"Unajua anaumwa nini?"

"Najua," alisema Malimi, na hakujua.

Akaanza kumtibu kama mtu wa ng'ombe. Ng'ombe hulia mahali damu ya mwenzao ilipomwagika. Wanakusanyika, wanakwangua ardhi, wanalia kama watu wa matanga. Malimi akakumbuka kwamba mbuzi wa kuchoma wa wageni walichinjwa nyuma ya jiko, upepo ukielekea zizini. Akachimbua udongo wote wa pale, akautupa mbali, akamshawishi Veneranda wahamishe machinjio ng'ambo ya shamba la mahindi. Veneranda alilalamika kubeba nyama mwendo wote ule. Ngamia akalia vilevile. Malimi akaona labda ni maji, maana mnyama alikuwa hanywi. Akasimama penye hori akipiga mluzi ule ambao wachungaji huwapigia ng'ombe wakiwa mtoni, akapiga hadi midomo ikakauka, ngamia akimtazama tu. Bwana mifugo alipokuja alicheka. Alisema ngamia hahitaji maji kila siku, tena na baridi hii. Akampima, akamfungua mdomo, akamwangalia macho. "Huyu hana ugonjwa wowote," alisema. Malimi alitamani aambiwe ni ugonjwa.

Jibu lilikuja lenyewe asubuhi moja ya ukungu, alipokuwa anamtembeza ua mzima ili damu iende. Bwalo la chakula lilikuwa na dirisha kubwa la kioo upande mmoja. Mgeni alipofika pale akasimama ghafla hata kamba ikamkwaruza Malimi kiganja. Masikio yakasimama. Akanyoosha shingo kuelekea kioo, na humo kiooni ngamia mwingine akanyoosha shingo. Akatoa sauti ambayo Malimi hakuwahi kuisikia kwake, sauti ndogo, ya ndani, kama mtu anayeita kwa jina. Akabandika pua kwenye kioo. Hakutaka kuondoka. Malimi akamletea matawi palepale, na Mgeni akala hadi kijiti cha mwisho, macho hayatoki dirishani.

Malimi akakaa chini kwenye majani mabichi. Ugonjwa aliufahamu sasa, na ulimuumiza kwa sababu aliufahamu vizuri mno.

Dawa yake pia aliijua. Huko Usangu ndama akifa, ngozi haikutupwa. Waliijaza majani makavu, wakaishona, wakaisimamisha mbele ya mama yake. Ng'ombe anainusa, anailamba, maziwa yanashuka, watoto wanakunywa. Malimi alikuwa fundi wa kushona ngozi hizo. Mbuke ndiye aliyekuwa hapendi. Alikamua kwa sababu ilibidi, lakini alikamua amegeuza uso pembeni.

"Mama, kuna kabati bovu stoo, lenye kioo mlangoni," alimwambia Eveline. "Nipe huo mlango."

"Ngamia anataka kujipodoa?"

"Nipe tu."

Akaupigilia mlango ule kwenye ubao, akausimamisha zizini. Mgeni akaukimbilia. Kuanzia siku hiyo akala, akanenepa, nundu ikasimama. Jioni hakulia tena. Akakubali tandiko, akapiga magoti alipoambiwa, akawabeba watalii hadi kwenye mawe makubwa ya mlimani na kuwarudisha. Kurudi alirudi kwa kasi. Bibi mmoja wa Kizungu alifika uani kofia haipo, ameng'ang'ania tandiko, anacheka na kulia kwa pamoja, akaomba arudie. Watalii wakaanza kulala siku ya pili kama Eveline alivyopanga. Eveline alimwita Malimi daktari mbele ya watu, akamnunulia viatu vya mpira vipya.

Malimi alipaswa kufurahi. Alikuwa amemwokoa na kisu. Lakini tangu kioo kilipoingia zizini, Mgeni hakuwa tena na haja ya bega lake. Alimsalimu asubuhi, na ngamia hakugeuka. Alikwenda jioni akasimama pale pa kila siku, karibu, akijifanya anakaza fundo la kamba. Shingo ile ndefu ilikuwa imelala kwenye kioo. Alirudi chumbani kwake akala ugali umepoa, na akaona aibu, mtu mzima mwenye wajukuu, kumwonea wivu mlango wa kabati.

Wivu angeumeza. Kilichomshinda ni jambo jingine. Siku hiyo watalii walikuwa wameondoka wote, ua umenyamaza. Malimi alikuwa anarekebisha uzio alipomwona Mgeni ameng'ata tawi bora katika fungu, lile lenye majani mengi, asile. Akalipeleka mbele ya kioo, akaliangusha chini. Akangoja. Ngamia wa kiooni naye akangoja. Mgeni akalisukuma tawi kwa pua, likagonga kioo. Kisha akazunguka nyuma ya ubao kumfuata mwenzake. Nyuma kulikuwa na mbao na misumari. Akanusa mbao. Akarudi mbele kwa haraka, akamkuta, akazunguka tena. Akafanya hivyo hadi akaacha njia ya mduara kwenye tope, na Malimi alipoitazama vizuri njia ile aliona haikuwa ya leo tu. Ilikuwa imeshindiliwa. Mnyama alikuwa anazunguka hivi kila siku wakati yeye anasifiwa udaktari.

Akaacha nyundo pale pale, akaenda kumtafuta Eveline.

"Mama, tumrudishe ngamia kwa wenzake."

Eveline alikuwa anapanga mashuka. Alidhani hakusikia vizuri. "Alipokuwa mgonjwa ulinisihi nisimguse. Sasa amepona unataka nimwondoe?"

"Hajapona. Nilimdanganya."

"Anakula, anabeba watu. Sasa kupona ni nini tena?"

"Njoo uone."

Eveline aliifuata njia ya zizini akinung'unika, akasimama kwenye uzio, akatazama. Mgeni alikwenda nyuma, akanusa mbao, akarudi mbele. Akaenda tena. Eveline aliacha kunung'unika. Baada ya muda alivuta kanga akajifunika vizuri, ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Hatuwezi kumnunulia mwenzake?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Na hii baridi, mama? Utakuwa umeleta wawili wa kutetemeka. Huyu kwao ni kule."

"Wewe ndiye unampenda kuliko sisi wote. Akienda utabaki na nini?"

"Na lindo langu," alisema Malimi. "Lindo nililikuta, na nitaliacha hapa."

Hakumwambia kwamba alikuwa ameshaogopa. Aliogopa ile asubuhi ambayo angefungua mdomo kusema mwangaluka, kisha akakumbuka kwamba hakuna wa kumwambia. Eveline alikuwa mtu wa biashara, si mtu wa roho mbaya. Akampigia simu yule mfugaji wa kule Pangani aliyemuuzia, wakaelewana, na Rabson akaitwa na lori lake.

Kumpakia kulikuwa kazi. Mgeni aligoma. Rabson akavuta mbele, wanaume wawili kutoka barabarani wakasukuma nyuma, Veneranda akapiga vigelegele vya kuhamasisha, ngamia akajitupa chini akalia kilio kile cha mwanzo. Kamba ikamchubua goti. Malimi alitazama lile goti, akaingia zizini, akang'oa kioo na ubao wake, akakibeba kichwani, akapanda nacho kwenye lori na kukisimamisha mwishoni kabisa, nyuma ya kichwa cha gari. Kisha akashuka, akasimama kando.

Mgeni akainuka. Akapanda mwenyewe bila kuguswa, akapita ubavuni kwa Malimi, manyoya yake yakamfuta mkono, wala hakugeuka. Wakafunga mlango wa nyuma. Malimi alikuwa ametayarisha maneno ya kumuaga kwa Kisukuma tangu jana yake. Lori likaondoka nayo yakiwa bado mdomoni.

Kesho yake mchana simu ikaita. Alikuwa amekaa juu ya hori lililofunikwa, akimenya muwa asioutaka.

"Mzee wangu, tumefika salama," alisema Rabson. Upepo wa pwani ulikuwa unavuma ndani ya simu. "Lakini hii ngamia yako imenishinda."

"Imekushinda vipi?"

"Haishuki. Tumefungua nyuma, wenzake wamekuja, kundi zima, wananusa lori. Mmoja ameingiza shingo mpaka ndani kabisa anamwita. Yeye kawapa mgongo. Anaangalia hicho kioo chako tu. Tukimvuta anataka kung'ata."

Malimi aliweka muwa chini. Aliwahi kuona huko Usangu ng'ombe aliyezoeshwa ngozi, msimu uliofuata akazaa ndama hai, akampiga teke. Alimcheka ng'ombe yule siku ile, wakamcheka wote isipokuwa Mbuke. Leo hakuona cha kuchekesha. Alikuwa amemshona Mgeni kwenye upweke na kumwambia huyo ndiye mwenzio.

"Rabson. Kivunje."

"Nini?"

"Kioo. Kipitishe juu ya bodi ya lori, kishushe nje, usimkate miguu. Halafu kivunje."

"Mzee, si mali ya mama Eveline hii?"

"Kivunje, mwanangu. Mimi nitasema naye."

Akasikia Rabson anaita mtu, mbao zikigongana, ngamia akikoroma kwa hasira. Kisha akasikia kioo kikivunjika. Hakikuvunjika mara moja. Walikipiga na kukipiga. Kisha Mgeni akalia. Malimi aliisikia sauti ile Iringa, kwenye sikio lake, kama vile bado iko kwenye kona ya zizi, akafumba macho na kushikilia ukingo wa hori.

"Anafanya nini?"

"Anaangalia pale kilipokuwepo."

"Na sasa?"

"Bado anaangalia." Upepo ukavuma. "Analia tu, mzee. Mimi hata sipendi." Kisha, "Ngoja. Yule mwenye shingo ndani kamgusa mgongoni."

Malimi aliibana simu sikioni.

"Kageuka," alisema Rabson. "Wanaangaliana. Wamegusana pua, mzee! Anamnusa, anamnusa hadi masikioni. Mwenzake anarudi nyuma, naye anamfuata. Anashuka! Ah, kashuka mwenyewe, kachanganyika nao, wanaenda zao huko majini. Sasa hata simjui ni yupi."

Malimi akacheka. Machozi yalimtoka akiwa anacheka, akayafuta kwa mkono ulionata utamu wa muwa. Alifurahi, alifurahi kweli, hakuna aliyemlazimisha. Na ndani ya furaha ile ile kifua kilikuwa kitupu hadi kikamuuma.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema.

"Wewe ndiye umefanya. Sasa mzee wangu, huko umebaki na nani?"

Malimi alitazama ua. Watalii walikuwa wameondoka asubuhi kwenda hifadhini. Eveline alikuwa mjini, Veneranda alikuwa amekwenda sokoni na kufunga jiko. Mlango wa zizi ulikuwa wazi, na kwenye tope mduara ule ulikuwa umeanza kukauka.

"Nipo na watu," alisema. "Watu wengi tu hapa. Hebu nikuache, naona wananiita."